Uji wa Mzuka wa Darini

Hapo zamani za kale, wanangu, ng'ombe walipokuwa bado wakijipikia uji, palikuwa na Fahali aliyeitwa Torben. Aliishi Denmark, nchi ya baridi na ukungu, pamoja na mkewe Maren na ndama wao mmoja tu, Ane.

Wenyeji wa kule waliamini kuwa kila nyumba ina mzuka wake, mtu mfupi mwenye kofia nyekundu, jina lake Nisse. Hukaa darini. Kila jioni huwekewa bakuli la uji lenye donge la siagi juu. Akishiba, huilinda nyumba. Akinyimwa, huleta msiba.

Nisse mwenyewe hakuna aliyemwona. Aliyekuwa darini kwa Torben ni Panya, na huyo Panya, nawaambieni mapema, mimi simpendi.

Mwaka huo theluji ilianguka mapema, na shayiri ikapungua ghalani. Ane akaanza kukohoa, akakonda hadi mbavu zikahesabika.

"Baba Ane," Maren akasema, "uji wa leo tumpe mtoto. Mzuka atatuvumilia."

"Mzuka havumilii, mke wangu."

"Na mtoto je?"

Torben alikuwa fahali wa kuvunja ua wa magogo kwa kichwa. Siku hiyo alikiinamisha, akampa Ane bakuli.

Mara darini, kwaru, kwaru, kwaru! Kisha puu! Tofali likaanguka sakafuni. Panya aliingiza mdomo ndani ya mtungi mtupu, sauti ikatoka nene.

"Torbeeen! Uji wangu uko wapi?"

"Mkubwa, mtoto anaumwa."

"Ataumwa zaidi."

Maren akamnyang'anya mwanawe bakuli, naye angali analamba. Alilipandisha ngazi mwenyewe, huku analia.

Panya akala. Kikohozi cha Ane alikisikia vizuri, maana mbao za dari zilikuwa na nyufa. Angeweza kubakiza nusu. Hakubakiza.

Ikawa hivyo siku tisa. Torben na Maren walikunywa maji ya moto, na Ane akapewa makombo ya sufuriani. Siku ya kumi Ane hakuamka.

Waliporudi kutoka kumzika, Torben alisimama chini ya ngazi, udongo wa kaburi ungali kwenye kwato zake.

"Mkubwa," akasema, "tulikupa kila siku. Tumekosa wapi?"

Nje theluji ilikuwa bado inaanguka, na ghalani shayiri ilikuwa haijaisha.

"Siagi ilikuwa kidogo," akajibu Panya.

"Tusamehe," akasema Torben, na jioni ile Maren akaweka madonge mawili.

Basi, wanangu, ukimwogopa usiyemwona, utamlisha mwongo chakula cha mwanao.