Aliyemfuta Kunda

Hapo zamani, na msinikunjie nyuso, maana zamani yenyewe si ya mababu bali ni hii ya juzi yenye umeme na televisheni, katika mji mmoja wa mkonge aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mume, Semboja. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Chedieli, fundi wa redio na simu. Na alikuwa na binti mmoja, Kunda. Binti huyo alifariki. Nawaambia mapema, asije mtu akanikatisha katikati kuniuliza kama alipona.

Kunda alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Wenzake wakiruka kamba, yeye alikuwa kitandani akiuma meno kwa maumivu ya mifupa. Mjomba wake Chedieli akamwonea huruma, akamletea gemu kuukuu ya kaseti, ya tangu kabla Kunda hajazaliwa, zile ambazo kaseti ikigoma unaichomoa, unaipuliza puu! unairudisha. Ndani yake mlikuwa na kijiji: nyumba, kisima, kuku, bustani ya mboga. Gemu ikauliza jina la mchezaji. Kunda akaandika lake. Tangu siku hiyo yule msichana wa kwenye kioo cha televisheni, kichwa kikubwa, miguu mifupi, akaitwa Kunda, na akafanya yote ambayo Kunda wa kitandani hakuyaweza. Akakimbia. Akachota maji. Akapanda hadi juu ya paa.

Alipofika miaka kumi na sita ugonjwa ukambana, na safari hii haukumwachia.

Watu wakazika, wakala, wakatawanyika. Semboja akakaa mbele ya televisheni, akawasha gemu. Kunda alikuwepo, amelala palepale alipojilaza mara ya mwisho. Semboja akamwamsha, akamwagilia mboga, akawalisha kuku, akamlaza. Kesho yake akarudi: akamwamsha, akamwagilia mboga, akawalisha kuku, akamlaza. Keshokutwa vilevile. Mwaka ukapita, wa pili ukafuata.

Wenzake kazini wakamcheka. Mmoja akamwonyesha kwenye simu gemu za kisasa, zenye watu wanaotoka jasho kama mimi na wewe. Semboja akatazama, akamrudishia simu yake.

"Hizi kila ukifungua zimebadilika," alisema. "Kule kwangu hakuna kilichohama. Kuku ni walewale. Wimbo ni uleule."

Na hapo mimi sitamcheka. Nani kati yenu hana kitu cha kale anachokirudia kwa sababu tu anakikuta kama alivyokiacha?

Lakini Nakijwa aliumia. Mume alimwamsha Kunda kabla hajamsalimia mkewe. Shamba lao la kweli likamezwa na magugu, bustani ya kwenye kioo ikastawi. Uani matanga yalikuwa yameanuliwa siku nyingi, sebuleni hayakuanuliwa hata siku moja. Tena kulikuwa na neno alilolificha. Kule hospitali, wakiwa wawili tu, Kunda alimshika kanga akamwambia, "Mama, nikienda, usimwache baba abaki mle ndani. Nifute." Nakijwa akaapa. Kila alipobaki peke yake nyumbani alisogea kwenye ile gemu, na kila mara mkono ulimwisha nguvu. Mama gani anamfuta mwanawe?

Siku moja picha ikaja inatetemeka. Semboja akaichomoa kaseti, puu! akairudisha. Ikatetemeka zaidi. Akaitwa Chedieli, akaifungua ile kaseti, akaguna.

"Shemeji, humu mna betri, dogo kama kifungo cha koti. Gemu ikizimwa, hilo ndilo linalomtunza Kunda. Sasa linakufa. Likifa, amefutika."

"Libadilishe."

"Nitalibadilisha gemu ikiwa inawaka, ili umeme umtunze wakati nalitoa la zamani. Ila twende kibandani kwangu. Pale nina betri kubwa la akiba, hata umeme ukikatika hatuna wasiwasi."

"Haitoki humu ndani."

"Lakini shemeji..."

"Mwanangu alitoka humu kwenda kutibiwa, akarudi kwenye sanda. Kaseti haitoki."

Chedieli angeweza kukataa kazi. Angeweza kwenda kulibeba betri lake akaja nalo. Lakini jua lilikuwa kali, betri lenyewe zito, na fundi naye ana kiburi chake.

"Haya, ni kazi ya kufumba na kufumbua," akasema. "We' angalia tu umeme usije ukaisha."

"Upo," Semboja akajibu, wala hakuinuka kwenda kuangalia mita.

Gemu ikawashwa. Kunda akaonekana, amelala. Semboja akakaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi, macho yameganda kwenye kioo. Wimbo wa gemu ulikuwa juu kabisa, maana alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, na masikio aliyaacha hukohuko. Chedieli akainama, akayeyusha risasi iliyolishikilia betri la zamani, akalitoa.

Nakijwa alikuwa jikoni. Juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na mita ya Luku, ya umeme wa kulipia kabla, na mita ikaanza kulia. Ti, ti, ti. Umeme unakwisha. Sebuleni hawakusikia, wimbo uliwajaa masikioni. Nakijwa alisikia. Neno moja lingetosha: "Baba Kunda, umeme!" Simu ilikuwa mfukoni mwa Semboja, angenunua hapohapo. Nakijwa akafungua kinywa. Akaiona ile hospitali, akauona ule mkono kwenye kanga yake. Akafunga kinywa. Ti, ti, ti. Akanyamaza.

Umeme ukaisha. Kioo kikawa cheusi.

Walinunua umeme mwingine. Betri jipya likawekwa, gemu ikawaka vizuri kuliko siku zote, picha safi, haitetemeki. Ikauliza jina la mchezaji. Kuku hakuna, bustani hakuna, kitanda kitupu. Semboja akatoa kilio ambacho hakukitoa hata makaburini. Kisha akainuka, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa.

"Naapa, aliyemfuta mwanangu atoke," alisema. "Atoke kabla jua halijazama, asirudi. Na nikifa, asije kunizika."

Chedieli akainamisha kichwa. "Shemeji, kosa ninalo. Nilijua njia ya salama nikaifanyia uvivu. Lakini nilikwambia twende kibandani ukakataa. Nilikwambia uangalie umeme ukasema upo. Kama ni kutoka, mbona mlango unanitazama mimi peke yangu?"

"Mimi?" Semboja akawaka. "Mimi niliyemlea mle ndani siku zote hizo? Kunda aliniambia kwa kinywa chake, 'Baba, usiache bustani yangu ikauke.' Aliniambia mimi! Nimwagilie kila siku, halafu leo niwe mimi niliyemuua?"

Hapo Nakijwa akatoka jikoni. Angeweza kunyamaza tena, hakuna aliyemshuku. Hakunyamaza.

"Mita ililia," alisema. "Nikaisikia, nikaiacha ilie."

Wanaume wakamgeukia.

"Aliniapisha, baba Kunda. Alisema, 'Nikienda, nifute, usimwache baba mle ndani.' Nilishindwa kwa mkono. Leo nimetimiza kwa kunyamaza. Nimempoteza mtoto, na wewe nilikuwa nakupoteza hivihivi nakuona."

"Uongo! Nani alimsikia akikwambia hayo?"

"Na wewe, nani alimsikia akikwambia ya bustani?"

Hakuna aliyemsikia. Chedieli akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake. Semboja alibaki ameushikilia mlango, kiapo kimeshamtoka na hakirudi. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu, na mmoja alitakiwa kuondoka kabla jua halijazama, asionane tena na hao wengine, hata msibani.

Hebu nijibuni, na msiniambie ni Kunda, kwa kuwa alimpa baba neno hili na mama neno lile. Yule alikuwa mtoto anayeumwa, alimwachia kila mzazi kitu cha kufanya. Na yule alishatoka.

Yuko fundi aliyejua akafanya uvivu. Yuko baba aliyependa akakataa kuambiwa. Yuko mama aliyesikia akanyamaza, kisha akasema kweli pasipo kulazimishwa na mtu. Mlango uko wazi. Je, nani alistahili kutoka?