Birika la Mwinchande

Sogeeni wanangu, nipeni masikio!

Palikuwa na tajiri, Mwinchande, ana kiwanda cha kutia rangi vitenge. Uchafu wote anamwaga mtoni. Zimwi la mto likamjia: "Bwana we, watoto wangu wanakufa!"

Akacheka: "Maji yangu hayadhuru."

Likarudi, akacheka. Likarudi tena, akacheka, mshenzi yule!

Siku anamwoza bintiye, akashika birika awanawishe wakwe. Lahaula! Yakatoka maji ya zambarau, yananuka mzoga! Akabadili birika, yaleyale. Akachota kisimani, yaleyale!

Zimwi hilo jamvini, limejitanda kanga: "Si hayadhuru? Haya, kunywa!"

Hakunywa ng'o! Wakwe wakanyanyuka, wakaondoka na bwana harusi wao. Binti analia, pilau linapoa.

Hadithi imeishia hapo. Nendeni mkanawe, kama maji mnayo!