Kwa Nini Watu wa Vuasi Hukataa Jibu Lisilo na Mwenyewe

Wewe, ukipewa jibu, unalimeza tu? Hata muwa hutafunwa kwanza. Basi usiwacheke watu wa Vuasi, ambao hata simu ikiwajibu kwa adabu zote huitazama kwa jicho la pembeni na kuuliza, "Umeambiwa na nani?" Hawakuzaliwa wakaidi. Zamani walikuwa wepesi wa kumeza kuliko wewe.

Enzi hizo Vuasi hapakuwa na mtu wa kujibu. Palikuwa na wenye kujua, kila mmoja kwenye kilima chake, na pale njia zinapoachana aliishi Namkunda, mwanamke ambaye hakujua lolote isipokuwa nani anajua nini. Ukimwuliza habari za nyuki, alikuonyesha milango. "Anza kwa Kiangi, juu ya mfereji. Ukimkuta amelewa, nenda kwa nduguye. Wakipingana, mwamini mwenye mizinga mingi." Ulibeba ukuni mmoja kwa kila mlango, maana hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mwenye kujua, ukapanda. Ulirudi umechoka, lakini neno ulilorudi nalo lilikuwa na mwenyewe. Kwa kazi hiyo Namkunda alisalimiwa kuliko mke wa chifu, naye, tuseme ukweli, alizihesabu salamu hizo.

Ndipo Naetwe akaolewa Vuasi. Miaka yake ya kwanza alipita mlango kwa mlango na kuni zake, akisikiliza. Alikuwa na kichwa cha ajabu: kilichoingia hakikutoka, ila kilichanganyika. Kisha siku moja akaketi kibarazani kwake akichambua maharage, na aliyepita na swali alijibiwa palepale, kwa sauti tamu, bila kupanda kilima chochote.

Watu wakahamia huko kama nyuki kwenye ua. La, kama nzi kwenye kidonda, alisema Namkunda, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumsikia. Waliompitia walimwamkia kwa mbali. "Shikamoo shangazi, leo siendi mbali, naishia hapo kwa Naetwe." Usiku alijigeuza kitandani akitafuta kosa la yule mwanamke, na alilolipata lilikuwa moja tu: tangu aolewe hajawahi kusema "sijui".

Siku moja walikutana mferejini. "Dada," Naetwe akamwambia, akijitwisha mtungi, "wewe unawapa watu njia. Mimi nawapa kitu."

Namkunda alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Alisahau kuteka maji.

Huko vilimani, meko ya wenye kujua yalikosa kuni za wageni. Kiangi akaacha kusimulia. Bibi Nakiete, ambaye peke yake alijua kuutoa sumu muhogo mchungu, akahamia kwa bintiye, mwendo wa nusu siku, akisema hawezi kuzeeka akitazama njia isiyo na mtu.

Ukaja mwaka wa njaa, watu wakafukua muhogo mchungu. Asubuhi moja Naetwe alikuwa msibani kwao, na Nanzia, mama wa watoto watatu, akasimama mlangoni kwa Namkunda.

"Shangazi, muhogo huu unalowekwa siku ngapi?"

Namkunda alijua mlango wa kumwonyesha. Jina la Nakiete lilikuwa tayari ulimini.

"Usinipe safari, shangazi," Nanzia akasema. "Wana njaa. Mwenzio angeniambia."

Mwenzio. Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Namkunda akalainisha sauti yake mpaka ikafanana na ya mtu mwingine, akasema, "Siku moja, mwanangu. Kisha anika, twanga." Na Nanzia alivyomshika mkono kumshukuru! Siku ile nzima Namkunda aliimba.

Siku ya tatu jioni nyumba ya Nanzia ilianguka yote. Watoto walitapika, mdogo akashindwa kusimama, na mama mwenyewe akalala ulimi umekufa, hawezi kusema hata jina lake. Mumewe alijua jambo moja tu: mkewe alikwenda kuuliza, hata siku hakuikumbuka. Na Vuasi nzima ilijua watu huuliza wapi.

Wakakusanyika uwanjani. Mzee Mbonea, mkuu wa ukoo, akasema Naetwe arudishwe kwao, na watoto wake wabaki.

"Mimi sikuulizwa," Naetwe akasema.

"Lini wewe ulikosa jibu?" mtu akadakia, na wengine wakaguna.

"Basi ya muhogo uliambiwa na nani?" Mbonea akauliza. "Ya mbegu je? Ya homa? Taja mtu mmoja, tukamwulize kama ulimsikia sawasawa."

Naetwe akafungua kinywa. Yote yalikuwamo, ila yameungana kama uji, hakuna punje iliyobaki na jina. Kwa mara ya kwanza akasema, "Sijui." Mwanawe mdogo akamshika kanga, na mkono wa wifi yake mmoja ukamvuta huyo mtoto pembeni.

Namkunda alikuwa amesimama nyuma. Kila alichokiomba usiku kilikuwa mbele yake: kibaraza kitupu, njia inayorudi kwake. Alitazama ule mkono ukimvuta mtoto.

Na tangu siku hiyo mtu wa Vuasi hapokei jibu bila kuuliza limetoka kwa nani, na aulizwaye asiye na jina la kutaja huonyesha mlango, akanyamaza. Mwuliza naye hubeba ukuni. Lakini desturi hiyo haikuanzishwa na wazee. Ilianza pale Namkunda alipopenya katikati ya watu, akasimama kando ya Naetwe bila kumtazama, akasema, "Nanzia alikuja kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia siku moja. Sikujua. Nilitaka tu aniulize mimi."