Matairi ya Deodatha

Kitu chema hakihitaji mpiga debe. Sifa zake humfuata mnunuzi hadi nyumbani. Kibaya ndicho kinachozungushwa kwa kelele. Atakayebisha na aulize watu wa Kihanga, wilayani Karagwe, walioshuhudia masika ya mwaka themanini na saba.

Deodatha, mjane asiyeyumbishwa, aliuza matairi na rimu zilizokwisha kutumika, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kila penye kiraka alipazungushia chokaa, ili mnunuzi auone ugonjwa kabla hajatoa fedha. Wateja walipoiona chokaa waliingia mitini. Walikimbilia ng'ambo ya barabara kwa Polikarpi, ambaye matairi yake yaliyoota vipara aliyapaka unga mweusi wa betri kuukuu na mafuta ya taa yakameremeta, kisha akayazungusha gulioni akipayuka, "Mapya haya, jamani! Bado yananukia kiwanda!"

Biashara ya Deodatha ikadorora hadi ikagusa chini. Siku moja ya gulio, Elpidius, fundi wa katambuga, alikuja na kisu chake kuyanunua yote ayakate viatu. Yakikatwa, kazi ya mumewe ingekuwa imekwisha.

"Futa chokaa tu, waitu, mama yetu, utauza," Elpidius alimshauri kwa huruma.

"Nilale njaa, lakini mtoto wa mtu asife kwa tairi langu," Deodatha alijibu, akalivuta la kwanza kumkabidhi.

Kabla kisu hakijaligusa, Polikarpi alivuka barabara, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba matairi manne ya pikapu yangu."

"Marahaba. Manne? Na lile lundo lako?"

"Nampeleka mama yangu Bugomora. Milima ile, na utelezi huu..." Akameza mate. "Yale ni ya kuuza."

Gulio zima liliangua kicheko. Polikarpi akatamani ardhi ipasuke immeze. Madereva walionunua kwake waliyakagua magurudumu yao, nyuso zikawashuka, wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Elpidius akakirudisha kisu alani.

Deodatha alimchagulia Polikarpi yaliyo bora, akamwonyesha kila kiraka. Kisha akasimama kifua mbele katikati ya matairi yake, akijivuna waziwazi, na nani angemlaumu? Hakuwa amepaza sauti hata mara moja. Kihanga nzima ilikiri siku ile: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.