Nani Aliisukuma Bei

Bei haianguki, husukumwa.

Neno hilo mmelisikia leo mnadani. Kiondo huyu alikuwa amesimama na simu yake, anawaonyesha watu picha ya gari, anasema gari la kitajiri limeshuka bei mpaka mtu wa kawaida analifikia. Mama mmoja muuza ndizi akamtupia neno hilo, watu wakacheka, na sasa mmenifuata hapa birikani mnataka kujua limetoka wapi. Kuna wanaosema ni la wahenga. Wahenga gani? Wahenga hawakununua magari. Aliyelisema mara ya kwanza nilikula naye chungu kimoja mpaka siku niliyomfukia. Kaeni, lakini mikono isikae bure. Kila mmoja achukue brashi, tuoshe tangawizi hii huku mkisikiliza.

Kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Ninyi mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Chama chetu cha wakulima wa tangawizi kilipata mwaka mzuri, tukakubaliana wote kwamba fedha ile isigawanywe ikaishia kwenye pombe na magodoro, tununue gari. Kilio chetu kilikuwa kimoja. Hospitali iko chini tambarare, sisi tuko huku mawinguni, na mteremko ulio katikati mnaujua. Mgonjwa alishushwa kwa machela: miti miwili mirefu ya mkaratusi, magunia yameshonewa katikati. Ilikaa zahanati, imesimamishwa ukutani. Pembe ya tandala ikipigwa, mwanamume yeyote aliyeisikia alitupa jembe akaja, hata kama mgonjwa ni wa adui yake. Walibeba kwa kupokezana, wa mbele wakichoka wa nyuma wanaingia. Mkitoka umande haujakauka, jua la utosini linawakuta hospitali. Ilikuwa kazi ngumu, lakini watu walifika.

Basi tulisema tupate pikapu, hata kuukuu, ya kubebea mgonjwa na magunia. Hicho ndicho kilichokubaliwa. Lakini makubaliano ya wanyonge huishia mlangoni kwa mwenye muhuri.

Mwenye muhuri alikuwa Eliudi Kajiru, mwenyekiti wetu. Alikuwa amefanya kazi mjini, shati lake halikuwahi kukosa pasi, na maneno alikuwa nayo. Mimi shule niliiacha darasa la nne, siwezi kuyarudia yote. Alikwenda Dar es Salaam na katibu wake, Yonazi, wakakaa huko mpaka tukadhani wamehamia. Waliporudi tuliitwa godauni kwenye mkutano.

Mwenyekiti akasema wametembea yadi zote za magari. Pikapu nzuri ni ghali, na zile nafuu zimechoka, kununua hizo ni kununua matatizo ya mwenzako. Lakini wameona kitu. Kwa fedha ile ile ya pikapu iliyochoka, kuna gari la kifahari, jeusi, viti vya ngozi, lina kiyoyozi, na huko Japani alikuwa analipanda mkurugenzi. Likikuta njia mbaya linajiinua lenyewe, likikuta njia nzuri linajishusha. Lilipokuwa jipya, alisema, hata mbunge asingeligusa. Sasa bei imeanguka, na mtu mwenye akili anainunua heshima pale inapouzwa rahisi. Siku tukiingia nalo wilayani watajua tangawizi ina wenyewe.

Watu wakapiga makofi. Mtu aliyekalia mawe maisha yake yote, ukimwonyesha picha ya kiti cha ngozi, husahau alichokuwa anataka.

Mke wangu Namkunda akainuka. Yeye ndiye aliyekuwa anateremsha tangawizi yetu sokoni, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumrudisha nyumbani analia.

"Mwenyekiti, hiyo bei imeanguka au imesukumwa?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayemsubiri mtoto amalize kusema.

"Mama Nakiete, bei nayo imesimama ukingoni?"

"Sijui iliposimama, ndiyo maana nauliza. Mimi nikikuta mbuzi wa maziwa anauzwa bei ya kuku, sifungui kitambaa changu mpaka nimemsikia anavyokohoa. Hata jiwe la mlima huu haliporomoki mpaka kitu kilisukume, iwe mvua, iwe mbuzi, iwe mtu. Nani kaisukuma bei ya gari hilo?"

"Wakati, mama. Gari linazeeka, bei inashuka. Hiyo ni elimu ya biashara, na tukianza kuifundisha hapa tutalala na njaa."

Wakacheka tena. Namkunda akakaa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu aliyeulizwa nani akajibu wakati, huyo mtu anamjua. Nikamwambia anyamaze, mkutano unaendelea. Gari likanunuliwa.

Lilipofika, sitawadanganya, lilikuwa zuri. Jeusi kama chungu kipya. Watoto walijitazama mlangoni wakachana nywele. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani, laini, ya heshima, kama mkwe anayesalimia. Hakuna aliyejua anasema nini. Mwenyekiti alisema anatukaribisha.

Siku hiyo hiyo akatangaza kwamba pembe isipigwe tena. Kubeba wagonjwa begani ni ushamba, na wageni wakituona watatuandika vibaya. Pembe ikachukuliwa ikatundikwa sebuleni kwake, karibu na kalenda, iwe pambo. Gari nalo lilitaka banda lisinyeshewe, na banda lilitaka nguzo. Miti ya mkaratusi iliyonyooka na kukauka vizuri ilikuwa ipi? Ile ya machela. Niliiona siku moja napita, imesimama mbele ya nyumba yake, imebeba mabati. Magunia sijui yalikwenda wapi.

Kiangazi kile gari lilifanya kazi. Lilikwenda mikutano ya wilaya, likabeba bibi harusi, mpwa wake mwenyekiti. Wagonjwa pia, wawili watatu, wakishuka wamefumba macho kwa baridi ya kiyoyozi. Watu wakasema Kajiru anajua. Ndivyo tunavyodanganywa sisi, kwa kiangazi.

Masika yakaingia.

Asubuhi moja Namkunda alikuwa shambani, tumbo likamkata mpaka akaushika mgomba. Tukamfikisha zahanati. Mganga akamgusa, akamtazama usoni, akanivuta pembeni. Alisema utumbo umejinyonga, anatakiwa kupasuliwa leo hii, na tusichelewe. Umande ulikuwa bado kwenye majani.

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Nilimkuta anakunywa chai. Hakukataa, siwezi kumsingizia. Aliinuka, tukaenda bandani, na gari lilikuwa limekaa matako chini, nyuma kumelala mpaka matairi yamefichwa. Akasema lina tabia hiyo siku za baridi, tuliache liungurume, litainuka. Tukangoja. Liliinuka polepole, kama ng'ombe mgonjwa anayepigwa teke. Kisha akaingia ndani kutafuta nailoni ya kutandika kwenye viti, maana mke wangu alikuwa anatapika na ngozi ile haitaki maji. Aliitandika vizuri, akaikunja pembeni. Mimi nimesimama hapo. Nilikuwa nimeegemea nguzo ya banda, mti wa machela, na sikufikiri kitu kingine ila kwamba gari lipo.

Tukampakia, tukaanza kushuka, mwenyekiti mwenyewe akiendesha kwa sababu hakumwamini mtu na gari lile. Tulivuka makaburi, tukavuka shule. Pale kwenye kona ya mawe, ambapo maji yamechimba mfereji katikati ya njia, gari lilishusha pumzi. Sina neno jingine. Lilishusha pumzi kama mtu aliyechoka na maisha, likakaa. Nyuma kote kukaanguka, bodi ikalalia matairi. Mwenyekiti akakanyaga mafuta, tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Taa nyekundu zikawaka mbele yake kama mkaa. Na yule mwanamke wa Kijapani akaanza kusema. Akasema, akanyamaza, akarudia, kwa upole ule ule.

Namkunda alikuwa ameegemeza kichwa kifuani pangu, jasho linamtoka.

"Baba Nakiete, huyo dada anasema nini?"

"Sijui."

"Muulizeni. Yeye alikuwepo lilipouzwa, anamjua aliyesukuma."

Alikuwa anatania. Mwenyekiti alisikia, hakugeuka. Alikuwa anabonyeza kitufe cha kuinulia gari, anabonyeza tu.

Nikamlaza mke wangu kwenye ile nailoni, nikapanda mlima mbio. Nilipiga kelele njiani mpaka sauti ikakatika. Nikaingia sebuleni kwa mwenyekiti bila hodi, nikaitoa pembe ukutani pamoja na msumari wake, nikapuliza. Ilikuwa na vumbi ndani, haikulia mara moja. Ilipolia wanaume walikuja, lakini walikuja wakiuliza ni nini, maana walikuwa wameshaambiwa haitapigwa tena. Tukang'oa nguzo za banda. Mabati yakaanguka, mke wa mwenyekiti akatoka akauliza mabati yake tutayaweka wapi. Magunia tukayaomba kwa jirani, tukayafunga kwa kamba ya mbuzi.

Tulipomfikia hakuwa anasema tena. Tukambeba. Wanaume walikimbia siku ile kuliko nilivyowahi kuona watu wakikimbia na mzigo, kwenye matope, mmoja akianguka mwingine anadaka mti kabla haujagusa chini. Alikufa kabla ya daraja, mkono umeshika gunia. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Saa ile, kwa desturi yetu ya zamani, angekuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali, na mimi nimekaa nje nikitafuta uji.

Tulimzika. Matanga yalipokwisha chama kikaitisha mkutano, na mwenyekiti akasimama kuzungumza. Alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Alisema ni bahati mbaya, hakuna ajuaye siku yake, na kwamba chama kitatoa mkono wa pole. Alitaka kuendelea na ajenda ya mbegu.

Nikainuka. Sikuwahi kusema mkutanoni kabla ya siku ile.

"Mke wangu alikuuliza swali hapa hapa. Nani aliisukuma bei?"

"Mzee Mbonea, tuko kwenye majonzi."

"Majonzi ni yangu. Nijibu."

Akasema haelewi ninataka nini. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya godauni. Ndipo katibu, Yonazi, akasema, macho yake yakiwa chini.

"Muuzaji alituambia."

"Yonazi, kaa."

"Alituambia, mwenyekiti. Alisema halina springi kama magari mengine. Limekalia mifuko ya hewa, na ya nyuma imechoka. Mipya inakaribia bei ya gari zima. Alisema ndiyo maana wenye fedha wanayauza yakifika hapo, ndiyo maana ni rahisi. Mimi nikasema tuchukue ile pikapu. Wewe ukasema mifuko hiyo hiyo itatufikisha."

"Kila gari lina lake," akasema mwenyekiti.

Hilo tu. Kila gari lina lake. Akafunga faili, akasema suala limesikika na kamati italitazama. Kamati ilikuwa yeye na watu wake, na mpaka leo bado inalitazama. Yonazi ndiye aliyetolewa ukatibu, kwa kutoa siri za chama. Kajiru alichaguliwa tena, na baadaye akawa diwani, akaja hapa kutuahidi barabara. Bei husukumwa, lakini mtu wa cheo hakuna wa kumsukuma. Kwa mkono wa pole nilipewa kilo za sukari na blanketi.

Ila watu wana namna yao. Alipopita njiani wanawake waliokuwa wanapalilia waliulizana kwa sauti, shamba kwa shamba: "Imeanguka?" Na mwenzao ng'ambo anajibu: "Haianguki, husukumwa." Watoto wakalichukua wakaliimbia kuruka kamba. Likafika sokoni, likashuka tambarare, sasa linasemwa na watu ambao hawakumjua Namkunda wala kona ya mawe. Wanaambiana kwenye viatu, kwenye mashamba, hata kwenye posa, mahari ikiwa ndogo kupita kiasi. Hata diwani mwenyewe nimewahi kumsikia akilisema jukwaani, akashangiliwa.

Gari lipo. Lilivutwa mpaka uani kwake, likalala hapo bila banda, maana nguzo zake zilikuwa zimerudi zahanati. Kuku wanatagia kwenye viti vya ngozi. Mkurugenzi wake huko Japani sijui kama yu hai.

Sasa wewe Kiondo, nionyeshe tena hiyo picha. Zuri. Hata lile letu lilikuwa zuri. Sikuambii usinunue, fedha ni zako na miguu ya kutafuta gari ni yako. Ila ukifika yadi, muuzaji akikuambia limeanguka bei, usitazame lilikoangukia. Panda juu lilikotoka, umtafute aliyelisukuma na umuulize kwa nini. Na hapo hapo utazame bondeni ni nani amesimama, kwa sababu kitu kinachosukumwa huku mlimani hakikosi mtu wa kumwangukia. Mwaka ule aliyekuwa amesimama chini ni mke wangu, naye ndiye peke yake aliyekuwa ameuliza.

Bei haianguki, husukumwa.