Mbula na Figo ya Dada Yake

Niwasimulie, nisiwasimulie?

Simulia, masikio yetu yako wazi.

Hii nilipewa na bibi yangu tukimenya karanga, katika nyumba ambayo siku hizi haipo tena.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama waliuguzana kama ndugu, palikuwa na tandala wawili, Nyamizi na mdogo wake Mbula. Mama yao alikufa mapema, Nyamizi akamlea mwenzake.

Siku moja Nyamizi akavimba miguu, akashindwa kula. Bibi Nungunungu, mganga wa nyika ile, akasema, "Figo zake zote mbili zimechoka. Akipewa moja na mwenzake mzima, atapona."

Mzee Nyati, mkuu wao, akamtuma Ngiri akatoe figo. Nungunungu akamwita kando.

"Umekuja kwa hiari yako?"

"Nimeamriwa."

"Rudi nyumbani."

Akaja Swala.

"Umekuja kwa hiari yako?"

"Nimeahidiwa malisho ya bondeni."

"Rudi nyumbani."

Wanyama wakamgeukia Mbula. "Wewe ndiye damu yake. Usipotoa, utatutazamaje?" Wakamsukuma mpaka kwa mganga.

"Umekuja kwa hiari yako?"

Mbula akalia. "Bibi, nampenda dada yangu. Lakini nina mimba, na naogopa."

"Basi hutatoa. Na siri yako itabaki kwangu."

Nungunungu akatoka nje, akawaambia, "Nimemkataa mimi. Mwacheni."

Wakamwacha. Nyamizi akaishi kwa dawa za mizizi, akikonda na kukonda. Mbula akazaa, akanyonyesha, mtoto akaanza kula majani. Ndipo asubuhi moja Mbula akarudi peke yake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Bibi. Bado naogopa, lakini nataka."

Mganga akamweleza maumivu yote yatakayomkuta. Mbula hakuondoka.

Nyamizi akasema, "Mdogo wangu, sikukulea ili unilipe."

"Najua, dada. Nakumbuka tu tulivyolala mgongo kwa mgongo wakati wa masika. Nataka tuzeeke pamoja."

Basi Mbula akatoa figo yake moja. Aliumwa sana, na hakukimbia tena kama zamani. Lakini wote wawili waliishi. Jioni walikwenda mtoni polepole, wakikumbushana mvua za utotoni na harufu ya mama yao.

Basi, wanangu, kiungo cha mtu ni chake. Anayekitoa, atoe kwa moyo wake. Na anayesema hapana, asichukiwe.

Hadithi yangu imefika kwake. Nanyi mfike kwenu salama.