Marhamu ya Mgongo wa Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo joto la kaskazi halikumchagua mkubwa wala mdogo, mji wa Shangamu ulitawaliwa na Sultani jina lake Mahfudhi. Sultani huyu alikuwa na joho la sufu lililodariziwa kwa uzi wa dhahabu, na kwa jinsi alivyolipenda akawa halivui, jua liwake lisiwake. Basi mgongo ukamtoka harara, ukawa unamwasha tangu asubuhi hata jioni. Na mila ya watawala wa Shangamu ilikuwa kwamba mgongo wa Sultani hauonwi na jicho la mtu wala hauguswi na mkono wa mtu, hata wa mkewe. Mkono wake mwenyewe haukufika pale penye kuwasha, maana alikuwa mtu mnene.

Ikawa kila akiketi barazani huwaona watu wakijikuna kwa raha zao, huyu shingo, yule goti, na wivu ukamshika. Akapiga mbiu kwamba mtu yeyote atakayejikuna mbele ya Sultani atafungwa mwaka mzima. Wa kwanza kunaswa alikuwa Shaali msuka makuti, aliyekwenda kushitaki mbuzi wa jirani. Mbu alimuuma sikio, naye akajikuna mara moja tu. Akachukuliwa gerezani, na habari ya mbuzi ikaishia hapo.

Shaali alikuwa na mke, Mize, maskini wa kutupwa, aliyejitafutia riziki kwa kupika marhamu ya vipele na mikwaruzo. Watu walimwona hamnazo, kwa sababu akiulizwa neno hujibu hilo hilo aliloulizwa, hazidishi wala hapunguzi. Mvua zilikuwa karibu, paa linavuja, na msuka makuti yumo kifungoni. Basi akajitanda kanga yake, akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "nimekuja kumtaka mume wangu, Shaali msuka makuti."

Sultani akamtazama vidole, akaviona vya njano mpaka kwenye kucha. "Ewe mwanamke, kazi yako ni nini?"

"Napika marhamu, Maulana. Ya mwarobaini na manjano, kwa watu wanaowashwa."

Sultani akajisogeza kitini, akashusha sauti. "Basi nipikie mimi. Lakini sikiliza vyema. Mkono wa mtu usiniguse mgongo, wala kitu kilichomo mkononi mwa mtu, wala jicho la mtu lisiuone. Nikipona, omba utakalo. Nisipopona, utamfuata mumeo gerezani. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Maulana."

Waziri akamsindikiza mpaka mlangoni akimhurumia. "Bibi, mbona umekubali? Dawa ya kupaka itapakwaje bila mkono?"

"Hukusikia? Aliniuliza kama nimefahamu," akajibu Mize, akaenda zake.

Akakuna nazi, akakamua tui, akalichemsha mpaka mafuta yakajitenga. Akatia majani ya mwarobaini, akayaacha juu ya moto mdogo hata yakakauka, akachuja kwa kitambaa, akaongeza manjano. Kisha ikaja nta ya nyuki. Siku zote hutia kipande kama kidole gumba. Safari hii akatia vitatu, akakoroga mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Akaitazama akaona itafaa.

Siku ya tatu akaja barazani na chungu chake. Katikati palikuwa na nguzo ya mti iliyochongwa maua na mizabibu, yenye vifundo na mikunjo tele. Mize akaipaka marhamu, kuanzia kimo cha bega la Sultani hadi kimo cha kiuno chake, nayo kwa uzito wa nta ikaganda pale pale.

"Maulana," akasema, "dawa iko tayari. Mkono wangu umeigusa nguzo, haukukugusa wewe. Na nguzo haimo mkononi mwa mtu, imesimama yenyewe. Sasa sisi sote tugeuzie ukuta nyuso zetu, nawe ulivue joho."

Wakageuka wote, waziri na kadhi na askari. Wakasikia joho likianguka. Kisha wakasikia mgongo unasugua mti, polepole kwanza, halafu kwa haraka, halafu kwa pumzi nzito, na Sultani akisema, "Aa. Hapo. Hapo hapo. Aa, masikini mimi, siku zote hizi!" Kadhi akajiuma mdomo asicheke. Ikawa muda mrefu mpaka joho likavaliwa tena.

"Nimepona," akasema Sultani, na macho yamemlegea. "Omba utakalo."

"Naomba sheria yako ifuatwe, Maulana. Kuna mtu amejikuna barazani leo."

"Nani huyo? Mimi nimejipaka dawa tu."

"Dawa niliipaka kutoka bega mpaka kiuno," akasema Mize, akainyoshea kidole nguzo. "Tazama, imefika kimo cha mapaja. Huko chini palikuwa na ugonjwa gani?"

Wote wakaitazama ile nguzo, kisha wakatazama miguu yao wenyewe. Sultani uso ukambadilika, akatweta, akaona haya, na mwishowe kicheko kikamshinda, akacheka mpaka taji likamlalia sikioni. "Mwanamke huyu ataka kunifunga mwaka mzima katika gereza langu! Sheria hiyo imekufa. Mleteni Shaali, na paa la nyumba yake liezekwe kwa gharama yangu."

"Na joho livuliwe wakati wa joto, Maulana," akasema Mize, "maana nta imeniishia."

Shaali akaletwa. Hakumwamkia Sultani wala mkewe. Alisimama katikati ya baraza mikono imemkakamaa ubavuni, maana tangu siku ile hakuthubutu tena, akauliza kwa unyonge, "Ruhusa nimalizie lile sikio?"

"Jikune," akasema Sultani.

Na baraza zima, tangu waziri hadi bawabu, likajikuna pamoja naye.